Mali ya Leta, fulana ya chama: kweli au uongo?

Ukiishi Kapata au sité nyingine yoyote ya Kolwezi, maneno haya kuhusu chama na Leta, yaani serikali, umeshayasikia. Tuyapime.

"Zamani kazi na chama vilikuwa kitu kimoja." Kweli. Wazee wetu wa Gécamines, kampuni ya madini ya Leta, hawatii chumvi. Chini ya Mobutu, MPR kilikuwa chama pekee, nacho kilikaa juu ya taasisi zote; kila Mzaire alihesabiwa mwanachama. Wafanyakazi waliacha kazi wakacheze na kumwimbia Rais. Mlango huo ulifungwa tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja.

"Hata leo mtumishi wa Leta lazima awe na kadi ya chama cha mkubwa wake." Uongo. Kifungu cha 193 cha Katiba ya 2006 kinasema utumishi wa umma hauna siasa, wala hakuna anayeruhusiwa kuugeuza kwa faida yake au ya chama chake. Mwenye kosa ni mkurugenzi anayedai kadi.

"Gari la ofisi likibeba watu wa mkutano si kosa, mradi chama kimelipa mafuta." Uongo kabisa, na huu ndio unaoniudhi zaidi, maana hata watu waadilifu wanauamini. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Uchaguzi ya 2006 kinakataza kampeni kutumia mali, fedha na wafanyakazi wa Leta na wa mashirika yake. Chama kinalipa mafuta. Je, gari limenunuliwa na nani? Matairi? Na dereva, mshahara wake unatoka wapi? Adhabu ni mgombea kufutwa, au orodha nzima ya chama kutupwa.

"Barabara ya Leta ni zawadi ya chama." Uongo, hata ikibandikwa picha za kiongozi kila nguzo. Kwa Sheria ya Madini (Code minier) ya 2018, asilimia 25 ya mrabaha wa migodi ni ya jimbo, na 15 ni ya eneo linalochimbwa. Hiyo ni shaba na kobalti yetu wenyewe.

"Wakubwa hawaguswi." Nusu kweli. Januari 2024 CENI, tume ya uchaguzi, ilifuta kura za wagombea 82, mawaziri na magavana wakiwamo. Lakini walishtakiwa kwa udanganyifu, rushwa na kukaa na mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Magari ya ofisi hayakuwa hoja. Kifungu cha 36 kinahitaji ushahidi: ukiliona gari la Leta kwenye mkutano wa chama, andika namba yake, mahali, tarehe na saa, uvipeleke CENI au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka).