Daktari, Mwalimu na Afisa Kilimo Wanaposomea Menejimenti: Mambo ya Kuzingatia

Na Mwandishi Wetu, Chamwino

Katika Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, kama ilivyo katika wilaya nyingi nchini, watumishi waliohitimu shahada ya kwanza ya udaktari, ualimu, uuguzi au kilimo hufika mahali wakajiuliza iwapo warudi darasani kusomea menejimenti. Wengine hufikiria shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, wengine utawala wa umma, wengine menejimenti ya rasilimaliwatu. Maswali yanayowasumbua yanafanana. Je, mtu ambaye hakusomea uhasibu wala utawala anaweza kupokelewa? Akihitimu, atapandishwa cheo? Na je, wilaya itakuwa imepata msimamizi bora, au itakuwa imempoteza mtaalamu iliyemhitaji?

Makala haya yanaeleza mambo ya msingi ambayo mwananchi, hususan mtumishi wa umma, anapaswa kuyafahamu kabla ya kufanya uamuzi huo.

Jambo la kwanza ni kwamba masomo haya, tangu mwanzo wake, hayakukusudiwa watu wa fani moja. Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani kilipoanza kutoa shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara mwaka 1908, kiliwalenga wahitimu wa shahada za kwanza za aina mbalimbali. Nchini mwetu historia hiyo ina sura yake. Chuo Kikuu Mzumbe, ambacho leo ni miongoni mwa vyuo vinavyojulikana zaidi kwa masomo ya utawala, kilianza mwaka 1953 kama shule ya mafunzo ya serikali za mitaa, ambayo miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo machifu. Mwaka 1972, wakati Serikali ilipoanzisha mpango wa Madaraka Mikoani, kilifanywa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 kikawa chuo kikuu kamili. Mahitaji ya wakati huo yalikuwa bayana: madaraka yakihamia mikoani na wilayani, watu wa kuyasimamia nao lazima waandaliwe.

Mahitaji hayo hayajapungua. Yameteremka hadi ngazi ya kituo. Tangu Januari 2016, utekelezaji wa elimumsingi bila ada ulipoanza, fedha za uendeshaji zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya nazo zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali. Vituo hivyo hutunza hesabu zake kupitia mfumo wa kielektroniki wa FFARS, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka 2023 imeuweka ununuzi katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kwa hiyo, mkuu wa shule aliyesomea ufundishaji wa Jiografia, au mganga mfawidhi aliyetumia miaka mitano kusomea udaktari, anajikuta akiandaa bajeti, akiongoza vikao vya kamati, akifuata taratibu za zabuni na kupima utendaji wa walio chini yake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kiini cha shahada yake ya kwanza.

Chukulia mfano wa afisa kilimo. Chamwino ni wilaya ya uwanda wa kati, yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, na wakulima wake hutegemea mtama, uwele, alizeti, karanga na zabibu. Afisa huyo anafahamu vyema mbegu inayostahimili ukame na namna ya kupambana na wadudu. Lakini mbegu hiyo ikichelewa kumfikia mkulima hadi Januari, wakati mvua za kwanza zimekwisha kunyesha Desemba, ujuzi wake wote haumsaidii mtu. Tatizo hapo si la udongo. Ni la kupanga, kuagiza, kusafirisha na kufuatilia, nayo hayo ndiyo menejimenti. Vivyo hivyo kwa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu wa Chinangali: ubora wa shamba ni jambo moja, na mikataba, mikopo, hesabu na mgawanyo wa mapato ni jambo jingine.

Kuhusu sifa za kujiunga, jibu ni kwamba fani tofauti peke yake haimzuii mtu. Katika programu nyingi za menejimenti nchini, kinachohitajika ni shahada ya kwanza inayotambuliwa, aghalabu ya daraja la pili. Kwa vyuo vinavyotumia alama za ufaulu zenye kiwango cha juu cha 5, daraja la pili la chini huanzia wastani wa 2.7. Aliyepata chini ya hapo anaweza kuangalia stashahada ya uzamili kama ngazi ya kupandia. Baadhi ya programu huhitaji pia uzoefu wa kazi, na hapo mtumishi wa miaka kadhaa ana nafasi nzuri kuliko kijana aliyehitimu jana. Aliyesoma nje ya nchi anapaswa kuhakikisha kuwa tuzo yake imetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Maombi ya masomo ya uzamili hupelekwa katika chuo husika, na sifa za kila programu zinatofautiana. Ni vyema kusoma tangazo la chuo chenyewe badala ya kutegemea maelezo ya mitandao ya kijamii.

Kwa mkazi wa Chamwino, umbali si kikwazo kikubwa kama ilivyokuwa zamani. Makao makuu ya wilaya yapo takribani kilomita 30 kutoka Jiji la Dodoma, ambako kipo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Katika jiji hilo pia kipo Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini pamoja na kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hutoa masomo kwa njia ya masafa na kina kituo mkoani humo. Hata hivyo, umbali mfupi wa barabara usimfanye mtu adhani kuwa safari yenyewe ni fupi.

Mfumo wa tuzo za vyuo vikuu nchini unaitaka shahada ya uzamili iwe na krediti zisizopungua 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,800. Zikigawanywa katika wiki za miaka miwili, ni takribani saa 17 kila wiki. Zikigawanywa katika miezi 18, ni takribani saa 23. Ni saa za mihadhara, kusoma, kuandika kazi na kufanya utafiti, juu ya saa za ofisini, za zamu na za familia. Mwenye kufikiri kuwa atasoma Jumamosi peke yake anapaswa kuipiga hesabu hiyo upya kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza.

Kwa mtu wa fani nyingine, ugumu huja mapema. Uhasibu, usimamizi wa fedha na takwimu humkuta bila msingi, wakati mwenzake aliyesomea biashara anarudia aliyoyajua. Dawa yake ni kuanza kujisomea misingi ya hesabu za fedha miezi michache kabla ya kuanza chuo. Lakini kuna upande ambao yeye huwa na nguvu: anaujua uhalisia wa kazi. Mada ya motisha kwa watumishi si nadharia kwa muuguzi aliyewahi kupanga ratiba ya zamu akiwa na watu wachache. Ndiyo maana utafiti wa mwisho huwa na manufaa zaidi unapotoka katika kazi anayoifahamu. Mwalimu anayechunguza matumizi ya fedha za uendeshaji shuleni, au daktari anayechunguza sababu za kuisha kwa dawa kituoni, hurudi na kitu ambacho halmashauri inaweza kukitumia. Anayemlipa mtu mwingine amwandikie tasnifu hurudi na karatasi tu, tena akiwa amevunja kanuni za chuo.

Kwa mtumishi wa umma, ruhusa ya mwajiri ni jambo la lazima, wala si la kuombwa baada ya kupata nafasi chuoni. Mafunzo ya watumishi hupaswa kuwamo katika mpango wa mafunzo wa taasisi, unaotokana na mahitaji yake. Hata anayejilipia na kusoma jioni au kwa masafa anapaswa kumjulisha mwajiri, ili masomo yasigongane na majukumu na ili tuzo yake iingie katika kumbukumbu zake za kiutumishi bila utata.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulifahamu wakiwa wamekwisha kuhitimu. Shahada ya uzamili haimpandishi mtu cheo yenyewe, wala haimhamishi kada. Upandishaji vyeo na ubadilishaji kada hufuata Miundo ya Maendeleo ya Utumishi, uwepo wa nafasi, bajeti na vibali vya mamlaka husika. Mwalimu mwenye shahada ya uzamili ya rasilimaliwatu hubaki kuwa mwalimu hadi utaratibu huo ukamilike, na akibadilishiwa kada anaweza kujikuta akiingia katika ngazi ya chini kuliko aliyokuwa ameifikia. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Ni busara kumuuliza afisa utumishi mapema iwapo shahada inayokusudiwa inatambuliwa katika muundo wa kada ya sasa, kwa sababu shahada ya usimamizi wa huduma za afya kwa daktari, au ya uongozi wa elimu kwa mwalimu, mara nyingi humwendeleza mtu palepale alipo.

Suala hili lina uzito pia kwa wananchi. Kituo cha afya cha kijijini kikimpoteza daktari kwa sababu amekwenda kukaa katika ofisi ya utawala, mgonjwa ndiye anayelipa gharama. Lakini kituo hichohicho kikiwa na daktari asiyejua kupanga bajeti, fedha zinaweza kukaa benki huku dawa zikiwa hazipo, na mgonjwa ni yuleyule. Faida kamili hupatikana pale mtaalamu anaposomea menejimenti ili aisimamie vizuri fani yake. Mwajiri naye ana wajibu wa kumpa mhitimu huyo kazi inayoutumia ujuzi wake mpya.

Mfano wa kuunganisha fani kwa hatua unaonekana hata kwa Rais Samia Suluhu Hassan. Alihitimu stashahada ya juu ya utawala wa umma Mzumbe mwaka 1986, akasomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza kati ya mwaka 1992 na 1994, kisha mwaka 2015, akiwa tayari katika uongozi, akahitimu shahada ya uzamili ya maendeleo ya uchumi wa jamii kupitia programu ya pamoja ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire cha Marekani. Kila hatua iliongezea iliyotangulia.

Kwa anayekusudia kuomba, yapo maswali manne ya kujibu kwa maandishi kabla ya kujaza fomu. Ni tatizo gani la kazini ambalo masomo haya yatanisaidia kulitatua? Je, chuo na programu vinatambuliwa? Je, mwajiri ameridhia, na muundo wa kada yangu unasemaje? Na je, ada na saa 1,800 vitatoka wapi bila kuumiza familia na huduma kwa wananchi? Asiye na jibu la swali la kwanza anaweza kuhudumiwa vizuri zaidi na kozi fupi ya fedha, ununuzi au uongozi, kama zile za Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania au Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, ambazo huchukua muda mfupi na gharama ndogo. Mwenye majibu yote manne aende kwa afisa utumishi wake akiwa nayo mkononi, mapema, kabla mpango wa mafunzo wa mwaka unaofuata haujakamilishwa.