Maigizo Yanayochokoza: Kwa Nini Hayamaliziwi



Anayetazama kwa mara ya kwanza maigizo shirikishi ya aina hii katika vijiji vya Bukoba na Muleba anaweza kuondoka amekasirika. Mume amezikwa, matanga yamekwisha, shemeji anamwambia mjane afungashe aondoke kwenye kibanja. Hapo hapo igizo linasimama. Haji polisi, wala mchungaji wa kuwapatanisha.

Linasimamishwa makusudi. Mwezeshaji huingia katikati na kuuliza: "Mama huyu afanye nini?" Anayejibu hatakiwi kutoa hotuba. Huitwa achukue nafasi ya mjane na kujaribu wazo lake, na mwigizaji wa shemeji humjibu kama mashemeji wanavyojibu nyumbani. Ushauri mwingi mzuri huanguka papo hapo. Basi hujaribu mwingine, mara nyingi bibi mzee ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kusema kwenye kikao cha ukoo.

Mbinu hii ya mtazamaji kuingia jukwaani ilienezwa na Augusto Boal wa Brazil kuanzia miaka ya 1970. Hapa nchini, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya jirani yake huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983: wanakijiji wenyewe walitaja tatizo, wakalitungia igizo, wakalijadili.

Kwa Kagera jambo lenyewe ni zito. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Vifo vilivyofuata viliacha wajane na yatima wengi, na kibanja ndicho ndizi, kahawa, nyumba na makaburi ya wazee kwa pamoja. Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 ilimnyima mjane fungu katika mirathi, akabaki wa kutunzwa na watoto wake. Binti aliruhusiwa kutumia shamba la ukoo lakini si kuliuza.

Mwanamke mmoja wa Muleba aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, kwa shilingi 300,000, mwaka 1988. Mpwa wake alimshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha na kushinda. Rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Ndiyo kesi ya Ephraim dhidi ya Pastory. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ilibatilisha mila zinazomzuia mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Lakini kikao cha ukoo hakisomi hukumu. Igizo huileta hukumu hiyo pale pale shemeji alipoketi, bila kumtaja jina.

Bila kumtaja jina: hili tunalisisitiza. Kisa kikifanana mno na cha nyumba fulani, watu watacheka na mwenye nyumba atalipiza. Vijana wabadili kijiji, idadi ya watoto, hata aina ya kifo.

Hatari kubwa zaidi huja jioni. Mjane aliyesimama na kusema ukweli mbele ya watu 200 anarudi kulala jirani na mashemeji wale wale. Kwa hiyo kamati isiruhusu igizo kabla haijazungumza na Baraza la Ardhi la Kijiji, haijapata mtu wa msaada wa kisheria, na haijachagua mama mmoja wa jumuiya wa kumpokea atakayehitaji.

Wahisani hupenda kuuliza watazamaji walikuwa wangapi, na bajeti nyingi tunazoziona zina fulana. (Fulana hazijawahi kumrudisha mtu kwenye kibanja.) Tunaomba fedha hizo ziende kwenye nauli ya mjane kwenda mahakamani, si mara moja tu, maana mashauri huahirishwa, na kwenye posho ya msaidizi wa sheria kurudi kijijini mwezi mmoja baada ya igizo.