Usikabidhi hesabu kwa sababu ya macho, kuza maandishi kwanza

KATIKA Wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora, fedha ya mkulima hupita kwenye karatasi na kompyuta kabla ya kufika mfukoni. Tumbaku hupimwa kwa kilo, hupangwa kwa madaraja, hupewa bei kwa dola ya Marekani, kisha hukatwa deni la mbolea na pembejeo nyingine. Asali nayo ina hesabu zake za ndoo, uzito, bei na siku ya malipo.

Zamani hesabu hizi zilikaa kwenye madaftari. Siku hizi vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, hutakiwa pia kuingiza taarifa zao katika MUVU, mfumo wa kompyuta unaosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Wenye maduka na maghala nao wengi wamehamishia orodha za mali na wadaiwa kwenye kompyuta.

Karani au katibu wa miaka mingi ndiye anayewajua wanachama kwa majina na madeni yao. Lakini uzoefu huja na umri, na kuanzia miaka 40 hivi macho ya watu wengi huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Tarakimu 3 huonekana kama 8, na 6 kama 8.

Hasara yake inahesabika. Tuseme mkulima ameuza kilo 600 za tumbaku ya daraja la dola 1.85 kwa kilo, lakini karani akasoma 1.65. Mkulima huyo amepoteza dola 120 kwa tarakimu moja tu, na kosa likijirudia kwa wanachama kumi, chama kina mgogoro.

Wengi wanapofikia hali hiyo humwita kijana wa kuwasaidia na kumpa neno la siri la mfumo. Kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Hata hivyo, katibu anayetia saini taarifa asiyoweza kuisoma ameshaacha kuisimamia, na mwenye duka naye hajui tena nani anamdai. Kabla ya kufikia hapo, yapo mambo ya kufanya, na mengi hayana gharama.

Macho yapimwe kwanza

Kompyuta haitibu macho. Anayeona ukungu, anayeumwa macho, anayeona upande mmoja tu au aliyepoteza uwezo wa kuona ghafla anapaswa kwenda hospitali bila kuchelewa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Presha ya macho huiba uwezo wa kuona polepole, na kilichopotea hakirudi. Mwenye kisukari anatakiwa kupimwa macho hata kama bado anaona vizuri. Kwa watu wa Sikonge, pa kuanzia kuulizia huduma ni hospitali ya Moravian iliyoko hapo hapo, au hospitali ya mkoa ya Kitete mjini Tabora.

Kwa wengi dawa ni miwani ya kusomea. Jambo moja husahaulika: miwani iliyopimwa kwa ajili ya kitabu kilicho karibu huenda isifae kwa skrini, ambayo hukaa mbali zaidi, kiasi cha urefu wa mkono. Unapopimwa, mweleze mtaalamu kwamba unatumia kompyuta na umwonyeshe umbali unaokaa.

Jinsi ya kukuza maandishi

Kompyuta nyingi maofisini hutumia Windows, nayo ina vifaa vya kukuza maandishi ndani yake. Hakuna cha kununua.

Unapofungua ukurasa wa intaneti, shikilia kitufe cha Ctrl kisha bonyeza alama ya kujumlisha. Maandishi yatakua kila unapobonyeza. Ctrl na alama ya kutoa huyapunguza, na Ctrl na sifuri huyarudisha yalivyokuwa.

Kwenye Excel usitumie njia hiyo, kwani Ctrl na alama ya kujumlisha huko huongeza visanduku vipya na inaweza kuvuruga jedwali. Badala yake shikilia Ctrl na uzungushe gurudumu la mausi, au sogeza kitelezi kilicho chini kulia mwa dirisha. Ukubwa huo ni wa skrini tu, haubadilishi karatasi itakayochapwa. Jedwali likikuzwa, vichwa vya safu hupotea unaposhuka chini, na ni rahisi kuandika kilo mahali pa bei. Fungua View, kisha Freeze Panes, uugandishe mstari wa juu.

Anayetaka maandishi ya kompyuta nzima yawe makubwa abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi U. Katika Windows 10 na 11 atakuta kitelezi cha ukubwa wa maandishi kinachofika asilimia 225. Kwa sehemu moja ngumu kusomeka, bonyeza kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha, na kioo cha kukuzia kitafunguka na kufuata mausi. Kitufe cha Windows na Esc hukifunga.

Namna ya kuandika tarakimu nayo husaidia. 1,250,000 husomeka haraka kuliko 1250000. Tumia herufi za kawaida zisizo na madoido, kama Arial au Verdana, na panga tarakimu zote upande wa kulia wa safu.

Mwanga, rangi na televisheni

Skrini inayotazama mlango au dirisha hurudisha mwanga wa jua, na aliyekaa mbele yake huona sura yake badala ya hesabu. Igeuze ili dirisha liwe ubavuni. Vumbi la kiangazi lifutwe kila asubuhi kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo, kompyuta ikiwa imezimwa.

Wapo wanaoumizwa na weupe wa skrini. Hao wakishafungua kile kioo cha kukuzia wabonyeze Ctrl, Alt na I kwa pamoja. Rangi zitageuka, maandishi yawe meupe juu ya weusi.

Kompyuta ndogo ya mkononi inaweza pia kuunganishwa na televisheni bapa yenye tundu la HDMI. Waya mmoja unatosha, kisha bonyeza kitufe cha Windows na P kuchagua picha ionekane pande zote mbili.

Kompyuta inayosoma kwa sauti

Kwa mtu ambaye hata maandishi makubwa hayamfai, ipo programu ya bure iitwayo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006. Husoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, na miongoni mwa sauti zake ipo ya Kiswahili. Intaneti inahitajika wakati wa kuipakua tu. Anayeitumia ofisini avae spika za masikioni, maana hesabu za wanachama si za kutangaziwa wapita njia.

Faida yake kiuchumi

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwa wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiliwa au bado halijashughulikiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wachuma chai wa Assam, India, ulionyesha kuwa waliopewa miwani ya karibu waliongeza uzalishaji kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao wasiopewa. Wachuma chai hao hawakuwa wakisoma chochote. Walihitaji tu kuona jani vizuri. Anayeshika hesabu za watu anahitaji kuona zaidi ya hapo.

Chama kitenge saa moja kabla ya msimu wa masoko kurekebisha kompyuta yake, kikiandika vitufe hivi kwa kalamu nene na kuvibandika ukutani. Neno la siri libaki kwa mwenye dhamana. Na kabla malipo hayajatumwa benki, mmoja asome orodha kwa sauti huku mwingine akifuatilia kwenye stakabadhi za mizani. Kijana anakaribishwa kusaidia, ila katibu naye awe anaona anachotia saini.