Dakika Tatu Kabla ya Zamu

Daktari mtarajali anapoanza mwaka wake wa mafunzo kazini, shahada anayo na mengi ya vitabuni bado yamo kichwani. Anachopungukiwa ni mazoezi ya mkono. Maji ya uti wa mgongo ameyaona yakichukuliwa, pengine akichungulia nyuma ya mabega ya wenzake. Mtoto mchanga asiyepumua amemsoma kuliko alivyomshika. Kisha anapangiwa zamu ya usiku, bingwa yuko nyumbani na anapatikana kwa simu tu, mkunga anaita kutoka leba, na watu wote chumbani wanamtazama yeye.

Madaktari wa zamani walikuwa na kanuni yao: ona moja, fanya moja, fundisha moja. Ilifaa pale wanafunzi walipokuwa wachache na mwalimu alikuwa hapo hapo kando ya kitanda. Vyuo vyetu vimepanua udahili, lakini mabingwa wa kuwasimamia vijana hao hawakuongezeka kwa kasi ileile. Pengo hilo sasa linajazwa na programu za simu zinazofundisha hatua za tiba: kuweka dripu, kuweka mpira wa mkojo, kushona kidonda, kumsaidia mtoto kupumua. Naziunga mkono. Ila nataka msomaji, na hasa wakubwa wa hospitali, waelewe zinafanya kazi gani na wapi zinaishia.

Wazo lenyewe ni jepesi. Kule London, madaktari wawili wa upasuaji, Jean Nehme na Andre Chow, walianzisha Touch Surgery, programu inayoikata operesheni vipande vidogo vidogo. Mwanafunzi anagusa kioo cha simu kuonyesha pa kupasua, kifaa cha kutumia na hatua inayofuata. Mwaka 2020 kampuni yao ilinunuliwa na Medtronic, watengenezaji wakubwa wa vifaa tiba. Karibu na kwetu zaidi kuna LIFE, iliyotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oxford na watafiti wa KEMRI-Wellcome nchini Kenya. Hii ni kama mchezo. Unajikuta ndani ya chumba cha hospitali kilichochorwa, mtoto amezaliwa na hapumui, nawe unaulizwa uanze na lipi. Ukichagua vibaya unaelezwa kosa liko wapi, kisha unachagua tena.

Faida yake kubwa ni mpangilio. Katika dharura kitu cha kwanza kumponyoka daktari mchanga ni utaratibu: anajua yote yanayotakiwa kufanywa, ila hajui lipi litangulie. Mtoto mchanga asiyepumua ana ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Ndani yake akaushwe, afunikwe asipoteze joto, asuguliwe mgongo, na asipopumua aanze kupuliziwa hewa kabla dakika haijaisha. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, takriban 10 huhitaji msaada wa namna fulani ili waanze kupumua, na wengi wao hutosheka na kukaushwa na kusuguliwa tu. Mlolongo huo mfupi unajifunzika vizuri sana kwenye simu. Ukiurudia mara kadhaa, unakuja wenyewe.

Sasa tuje kwenye mkono. Chukua ule mfuko wa kupulizia hewa, ambu, na barakoa yake ndogo. Kwenye simu unagusa neno "puliza", na mtoto anapona. Wodini barakoa inatakiwa ifunike mdomo na pua, isipande machoni wala kushuka chini ya kidevu. Kichwa kikae sawa, maana kikiinama mbele au kikirudi nyuma mno, njia ya hewa inabanwa. Kidole gumba na cha shahada vinaikandamiza barakoa, vidole vilivyobaki vinainua taya kuijia barakoa, na mkono wa pili unabonyeza mfuko kama mara 40 kwa dakika. Hewa ikivuja upande mmoja, utasikia mluzi mwembamba, na kifua hakitainuka. Hapo unapanga barakoa upya, unaweka kichwa sawa, unasafisha mdomo kama una uchafu, unaufungua kidogo, unabonyeza kwa nguvu zaidi. Kipimo cha kweli ni kifua kuinuka. Hakuna kioo cha simu kinachoweza kukupa hisia ya mvujo ule chini ya kidole gumba.

Mambo haya yamepimwa hapa hapa Tanzania, na nashangaa kwamba hayatajwi mara nyingi zaidi. Mwaka 2010 Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, iliwapa wahudumu wake mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, kwa mtaala wa kimataifa uitwao Helping Babies Breathe. Walipopimwa kwa kutumia mwanasesere, walikuwa wamepiga hatua kubwa. Watafiti hawakuishia hapo. Waliangalia pia yaliyotokea leba kwa watoto halisi, na huko hakuna kilichoboreka. Watu wale wale waliofaulu darasani walirudi kazini na kufanya kama walivyozoea.

Haydom haikuacha. Mwanasesere aliwekwa karibu na leba, na wahudumu wakaanza kufanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na kipindi cha dakika 40 kila mwezi. Mafunzo madogo, mara kwa mara, mahali pa kazi. Katika mwaka uliofuata watoto waliosuguliwa ili wapumue waliongezeka, waliohitaji kupuliziwa kwa ambu walipungua, na vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada katika hospitali moja, kwa hiyo mtu makini hatasema kila uhai ule uliokolewa na mazoezi peke yake. Hata hivyo mkondo huo uliendelezwa katika mradi wa Safer Births kwenye vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yanaonyesha vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

Ndiyo maana naiona simu kuwa na thamani. Semina ya siku moja hotelini, yenye posho na picha ya pamoja, inasahaulika upesi. Stadi za kuokoa maisha zisipotumika huanza kufifia ndani ya miezi michache tu. Simu iko mfukoni kila siku. Inaweza kuwa ile dozi ndogo inayorudiwa: dakika tatu kabla ya kuingia zamu, mtarajali anapitia mlolongo, kisha anamwendea mwanasesere na kushika barakoa mara kadhaa huku mkunga mzoefu akimtazama. Simu bila mwanasesere inazaa mtu anayejua kusimulia utaratibu.

Ushahidi kutoka Ethiopia unanifanya niwe mwangalifu. Programu iitwayo Safe Delivery, ya shirika la Maternity Foundation la Denmark, inafundisha huduma za dharura za uzazi kwa video za kuchora. Ilijaribiwa katika vituo 73 huko Wollega Magharibi, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Wahudumu waliopewa simu zenye programu hiyo walikuwa na ujuzi na maarifa zaidi hata baada ya mwaka mzima. Vifo vya watoto navyo vilikuwa vichache upande wao, 14 kwa 23 kwa kila 1,000, lakini kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati. Ujuzi ulipanda kwa hakika. Kuhusu vifo, utafiti ule haukuamua. Anayekuuzia programu kwa ahadi kwamba itapunguza vifo katika hospitali yako anadai zaidi ya alichonacho.

Lipo jambo linalonitia hofu kuliko hayo: programu iliyopitwa na wakati. Miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye maambukizi makali na dalili za mshtuko amiminiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi na kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania, uliwafuatilia watoto zaidi ya 3,000. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, zaidi ya 10 katika 100, ikilinganishwa na 7 hivi kwa wale ambao hawakumiminiwa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mtoto aliyezaliwa amelegea katika maji yenye kinyesi chake: tulikuwa tukikimbilia kumwingizia mpira kooni kumfyonza, mpaka miongozo ya kimataifa ya mwaka 2015 ikaacha kupendekeza hilo lifanywe kwa kila mtoto wa aina hiyo.

Fikiria programu iliyotengenezwa kabla ya miaka hiyo, michoro yake mizuri, haihitaji bando, na mtarajali anaifungua saa nane usiku. Itamfundisha kwa ufasaha jambo la kumdhuru mgonjwa. Tena hospitali zinazochorwa katika programu nyingi ni za kwingine kabisa, zenye mashine ya kusaidia kupumua kila chumba na daktari wa usingizi ghorofa ya juu. Programu ikimwambia kijana wa hospitali ya wilaya aite timu ambayo haipo, imemwacha peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, kijana atazame nani ameandika, lini imehuishwa mara ya mwisho, na kama inafuata mwongozo wa taifa. Kazi hiyo isibaki mabegani mwake peke yake. Mkuu wa idara ndiye wa kuchagua programu mbili au tatu, kuzilinganisha na mwongozo wa wizara kila mwaka, na kuwakabidhi watarajali siku wanaporipoti, pamoja na ratiba ya mazoezi na jina la mkunga atakayewasimamia. Na mtarajali akilazimika kutazama simu mbele ya mgonjwa, amwambie mama aliyelala pale: "Mama, naangalia mwongozo wa kazi hii kabla sijaanza."