Je, Wajua? Makambako, Mji Uliomea Shambani

Je, wajua kwamba Makambako ya leo imejengwa katika nchi ya wakulima wa Kibena? Mahindi yalianza kupisha nyumba kwa sababu ya njia panda: hapo barabara ya Njombe na Songea huachana na ile kuu ya kwenda Zambia. Kisha ikaja TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975. Kipande cha kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako kilikuwa kigumu kupindukia, mahandaki na madaraja yakifuatana milimani; wafanyakazi Watanzania na Wachina walioyajenga wanastahili heshima kubwa. Mkoa wa Njombe ulipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, Makambako ikawa lango lake la reli.