Mwenzako Ndiye Atakwambia



Mgeni akiingia kwenye ploti hapa Kware, karatasi mkononi, aulize, "Mama, jana watoto walikula mara ngapi?" mama atajibu, "Mara tatu." Pengine anaona aibu, au anadhani jibu hilo ndilo litaleta msaada. Lakini jirani anayepanga foleni ya maji naye anaujua ukweli.

Ndiyo sababu watafiti wengine huwafundisha wakaaji wenyewe wahoji wenzao: mama muuza mboga amhoji muuza mboga, kibarua amhoji kibarua. Neil Price na Kirstan Hawkins wa Uingereza waliieleza njia hii mwaka 2002. Huulizi, "Wewe unafanyaje?" Unauliza, "Watu kama sisi hufanyaje kodi ya nyumba ikikosekana?" Hakuna anayetajwa jina. Unahoji marafiki wawili watatu, halafu unawarudia siku nyingine, maana siku ya kwanza watu husema mazuri tu.

Lakini hatari iko. Anayehoji leo, kesho bado ni jirani. Neno likitoka, aliyefungua moyo ataumia, na kikundi hakitaaminika tena. Kwa hiyo:

1. Omba ruhusa, anayekataa aachwe kwa amani.
2. Usiandike jina. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inalinda habari za mtu.
3. Sikiliza, usibishane wala kushauri.
4. Majibu yajadiliwe pamoja, bila kukisia nani alisema.

Tujadiliane: Kikundini mwetu, ni nani awezaye kusikia jambo akalinyamazia?