Nani Alisaini? Kauwanja Ketu, Mali ya Jiji na Wale Wanaopewa Kuitunza

Jumapili moja asubuhi tulitoka na mpira tukakuta uwanja umezungushwa mabati. Si uwanja mkubwa. Ni kale kanafasi kalikobaki katikati ya nyumba za zamani za kanjo, goli moja la mbao, lingine mawe mawili. Kila mtoto wa mtaa wetu hapa Kisumu amechubuka goti pale. Usiku wa Jumamosi mtu alileta nguzo, misumari na mlinzi. Kufika alfajiri, kazi kwisha.

Jina la mtaa na la watu nayaweka kando, maana jambo lenyewe bado halijaisha.

Vijana walitaka kung'oa hapo hapo. "Omera, leo ni leo," mmoja akasema, nyundo tayari mkononi. Sote tulijua ingeishia wapi: polisi waje, wasee wanne walale seli, halafu Jumatatu mabati yarudi. Aliyetuzuia ni jaduong' mmoja jirani, karani mstaafu wa enzi za manispaa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani alisaini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

"Basi hamjui mnapigana na nani," akasema. "Mali ya kanjo haiuzwi kwa nyundo, na hairudi kwa nyundo. Inaenda kwa karatasi. Tafuteni karatasi kwanza."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na sheria sikuwahi kuisomea. Lakini swali la mzee lilinikaa kooni kama mfupa wa ngege. Wiki mbili nzima nimekuwa nikimaliza bando kusoma katiba na sheria kwenye simu, na jioni naenda kumuuliza jaduong' pale ninapokwama. Nimeandika hapa niliyoyapata, kwa sababu najua si mtaa wetu peke yake.

Wakati jiji lilipewa makamishna

Kabla ya kaunti, miji yetu iliendeshwa na madiwani na meya chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa. Sheria hiyo ilimpa waziri nguvu kubwa. Aliweza kuwaondoa madiwani na kuweka makamishna mahali pao. Kazi ya kamishna ilikuwa ile ile ya baraza: kukusanya ada, kuzoa taka, kuangalia masoko, makaburi, bustani na nyumba za kupangisha. Hakuwa mwenye mali. Ardhi ya baraza haikuweza kuuzwa bila idhini ya waziri. Kwa maneno ya jaduong', kamishna alikuwa kama shemeji aliyeachiwa ufunguo wa nyumba wakati wenyewe wamesafiri. Anaweza kufagia na kulala. Kuuza kitanda hawezi.

Mfano mkubwa ni Nairobi. Mwaka wa 1983 serikali ya Rais Moi ilisimamisha baraza la jiji kwa madai ya usimamizi mbaya, ikaweka tume. Wakazi walidhani ni kwa muda. Tume ilikaa hadi uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, karibu miaka kumi. Hebu fikiria: mtoto aliyezaliwa tume ikiingia alikuwa ameshafika shule ya msingi na kusoma madarasa kadhaa kabla wazazi wake hawajachagua diwani tena. Makamishna waliteuliwa, kwa hivyo walimwogopa aliyewateua. Mpiga kura wa Eastlands hakuwa na njia ya kuwafuta kazi.

Ni katika miaka hiyo, mwaka wa 1989, ndipo mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park ulipotokea. Bustani ya umma, katikati ya jiji. Wangari Maathai hakubeba nyundo. Alianza kuandika barua, moja baada ya nyingine, kwa ofisi nyingi za hapa na za nje, akiuliza maswali. Alitukanwa bungeni. Alienda kortini, kesi yake ikatupwa. Lakini kelele zilizotokana na barua zile ziliwatia wafadhili baridi, na jumba halikujengwa. Bustani ipo mpaka leo.

Si kila mali ilipata mtu wa kuiandikia barua. Mwaka wa 2003 Rais Kibaki aliunda tume chini ya wakili Paul Ndung'u kuchunguza ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria. Ripoti yake ilitoka 2004. Ukiisoma utaona jambo moja linajirudia: waliokabidhiwa ardhi waitunze kwa niaba ya wananchi, mabaraza ya miji yakiwemo, ndio waliokuwa wakiigawa. Na ugawaji mwingi ulifanyika karibu na uchaguzi, ule wa 1992, wa 1997 na wa 2002. Ukisikia mabati yanapigwa usiku wakati wa siasa, si bahati mbaya.

Leo ufunguo uko kwa nani?

Mabaraza yalikufa Machi 2013 kaunti zilipoanza. Kisumu, iliyokuwa imepandishwa kuwa jiji 2001, ikaingia chini ya serikali ya kaunti. Nyumba za kanjo, soko, viwanja, magari mabovu yaliyoegeshwa uani, vyote vilitakiwa kuhesabiwa na kukabidhiwa. Waliotunga sheria walijua kwamba mali hupotea wakati wa kuhama, kama vijiko. Ndiyo maana Sheria ya Mpito ya 2012 ilikataza mali ya umma kuhamishwa kipindi hicho bila kibali cha Mamlaka ya Mpito. Muda wa mamlaka hiyo uliisha 2016, na kazi iliyobaki ya kukagua mali za mabaraza ikaenda kwa kamati ya uhusiano kati ya serikali mbili, IGRTC.

Makamishna wa aina ile ya zamani hawapo Kisumu. Kuna meneja wa jiji na Bodi ya Jiji, kwa mujibu wa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Gavana anateua, bunge la kaunti linaidhinisha. Lakini kuna kitu kilichonifanya niketi wima: baadhi ya wanabodi wanatakiwa kupendekezwa na vyama. Chama cha wataalamu, cha wafanyabiashara, cha sekta ya jua kali, na cha wakazi wa mitaa. Yaani mama anayeuza omena Kibuye na fundi wa Kamas wana kiti kisheria, kupitia vyama vyao. Ni wangapi kati yetu wanamjua anayekalia kiti hicho?

Juu ya yote kuna Katiba. Kifungu cha 62 kinasema ardhi ya umma ya kaunti inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi, na inasimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kwa hivyo hata kaunti si mwenye mali. Mwenye mali ni wewe unayesoma hii ukiwa kwa tuktuk. Ziwa lenyewe nalo ni ardhi ya umma, chini ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo akikuuzia mtu "ploti ya maji" kule ufuoni, shika mfuko wako. Na Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema maeneo oevu na kingo za maji hayafai kugawiwa watu. Wanaopenda Dunga wakariri hilo.

Kuuza si dhambi, kuficha ndiko

Hapa nilikuwa nimekosea. Nilidhani mali ya jiji haiuzwi kamwe. Jaduong' alicheka. "Tingatinga likioza mnataka tulipangishie kuku?"

Mali inaweza kuuzwa, lakini kwa utaratibu. Vitu kama magari na mashine vinafuata sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015. Kamati inakaa, mthamini anatoa bei, halafu kuna mnada wa hadhara au zabuni. Mfanyakazi wa ofisi hiyo hiyo haruhusiwi kujiuzia hivi hivi tu. Ardhi nayo ina njia zake chini ya Sheria ya Ardhi: mnada, zabuni iliyotangazwa, kura ya hadharani na nyinginezo, na umma lazima upewe notisi kabla. Ukiangalia vizuri, kila njia ina kitu kimoja ndani yake: mtu wa nje anaweza kuona.

Mabati ya usiku hayana hicho kitu.

Kuna wanaosema, "Lakini jamaa ana title." Hapo ndipo nikapata habari iliyonifurahisha kuliko zote, na inatoka pwani nyingine, Mombasa. Pale Nyali kulikuwa na ploti karibu na bahari, nafasi ya wazi ya umma. Mwaka wa 1989 iligawiwa Rais wa wakati huo, Moi, ikauzwa, ikauzwa tena. Kampuni iliyonunua mwisho, Dina Management, ilikuwa na hati mkononi. Mwaka wa 2017 kaunti ya Mombasa ikabomoa ukuta ili watu wafike ufuoni, kesi ikaanza. Ilifika Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 majaji wakaamua kwamba kama ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hati iliyofuata haina ulinzi, hata ukisema ulinunua bila kujua. Mwaka huo huo mahakama hiyo ikasema pia kwamba barua ya kugawiwa ploti, peke yake, si umiliki.

Kwa lugha ya mtaa: ukinunua ng'ombe wa wizi, kumpa jina jipya hakumfanyi wako.

Tuseme ukweli pia. Kesi ile ilichukua miaka, na bado kuna mtu alilipa pesa zake akabaki mikono mitupu. Ndiyo maana ni bora swali la mzee liulizwe siku ya kwanza ya mabati, si baada ya orofa ya nne.

Tulichofanya

Kwanza tulipiga picha: mabati, nguzo, njia ya kuingilia, na ubao wa mradi ambao haupo. Ujenzi halali huwa na ubao.

Pili, mmoja wetu alienda ofisi ya ardhi kuomba upekuzi wa ploti. Bila namba ya ploti huendi popote, na namba tuliipata kwa jaduong', kwenye ramani ya zamani aliyoihifadhi chini ya godoro miaka yote hiyo. Nilipomuuliza kwa nini aliiweka, alisema, "Nilijua mtakuja."

Tatu, tuliandika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba rekodi za ofisi ya umma, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sisi tuliandika kwa Kiswahili, ili mama zetu nao wasome kabla ya kutia sahihi. Kuwasilisha ombi ni bure, labda ulipie kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikaa kimya au ikikataa, unaenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, wale wanaoitwa Ombudsman, na wana ofisi hapa Kisumu.

Barua yetu ina maswali manne tu. Je, uwanja huu umo kwenye orodha ya mali ya umma iliyokabidhiwa baada ya 2013? Kama umeuzwa au kukodishwa, ni kikao gani kiliidhinisha, na kumbukumbu zake ziko wapi? Notisi ya umma ilitolewa lini? Na nani alisaini?

Watu 63 walitia sahihi. Yule wa nyundo alikuwa wa kumi na moja, mwandiko wake mbaya kama wangu.

Ofisi ya kwanza tuliyoenda ilitwambia tupeleke ya pili. Ya pili ikasema karani wa kupokea barua ameenda chai. Tulikaa kwa benchi. Chai ilikuwa ndefu, lakini tulikuwa na muda, faida ya kutokuwa na kazi. Aliporudi alisoma ukurasa wa kwanza, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akagonga muhuri nakala yetu bila neno. Wakati wa kutoka, jamaa mmoja wa pale alitufuata kwenye ngazi akanong'ona, "Mngekuja mapema." Sijui alimaanisha mapema leo ama miaka kumi iliyopita.

Mwaka wa 1965 mji huu ulipata meya mwanamke, Grace Onyango, wakati nchi nzima haikuwa imezoea. Ukumbi wa kijamii unaobeba jina lake bado unatumika, watoto wanaimba na kucheza ngoma humo. Kila nikipita hapo siku hizi nafikiria kwamba ukumbi ule haukujitunza wenyewe. Kila mwaka kuna mtu fulani, kwenye ofisi fulani, ambaye hakusaini kuuza. Hatumjui jina, na hatutamjengea sanamu.

Leo ni siku ya tisa tangu muhuri ugongwe. Mabati bado yapo. Watoto wamehamia barabarani, na jana tuktuk nusura imgonge mmoja. Mlinzi wa pale, kijana wa rika letu ambaye naye analipwa kwa siku, aliona tukio hilo. Jioni alifungua kibati kimoja pembeni, akawaachia wadogo waingie wacheze hadi giza.

Zimebaki siku 12. Nakala ya barua tumeibandika kwa duka la mama mboga, karibu na bei ya sukuma, na kila asubuhi mtu anachora mstari mmoja.